Je, Picha ya Rununu ni Majigambo? Tathmini ya Kujinadi katika Fasihi Simulizi na katika Mitandao

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, niruhusuni nianze kwa kisa cha kusahihisha. Katika mtihani mmoja wa majaribio, swali la fasihi simulizi lilimtaka mtahiniwa aeleze maana ya majigambo, kisha atoe mifano miwili kutoka kwa jamii anayoijua na kuithibitisha. Mfano wa pili ulikuwa na alama nne. Mtahiniwa mmoja aliandika mfano wa kwanza kama walivyoandika wenzake wote, yaani shujaa, mkuki na ngozi ya chui. Mfano wake wa pili ulinisimamisha. Alisema kwamba dada yake amebandika picha kwenye stetasi ya WhatsApp, amevaa rinda la kuazima na kuegemea gari lisilo lake, na kwamba huyo naye anajigamba, maadamu ana hadhira ya watu wapatao mia mbili. Nikapiga mkwaju kwa kalamu nyekundu, nikampa sufuri. Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na jibu la aina hiyo, nami nilikuwa na makaratasi zaidi ya mia moja mezani.

Sufuri hiyo imenikera. Mwanafunzi alikuja kuniuliza kosa lake ni lipi, nikaanza kumweleza, na kabla ya kuimaliza sentensi yangu nikagundua kwamba sina hoja. Nilimwambia tu kwamba majigambo ni ushairi. Aliitikia, "Sawa, mwalimu," akaenda zake, lakini nilijua hakuridhika, na mimi pia sikuridhika. Makala haya ni jaribio la kuimaliza sentensi ile.

Tuanze na sifa tunazozifundisha. Majigambo, au vivugo, ni tungo za kujisifu. Hutungwa katika nafsi ya kwanza. Fanani hujitungia na kujighania mwenyewe. Hutaja matendo ya ushujaa, hutaja ukoo, hutumia chuku kwa wingi, huandamana na maleba, na aghalabu huzuka katika tukio mahususi kama vile kutoka vitani au jandoni. Vitabu vingi vya kiada huongeza kwamba hutungwa na wanaume.

Sasa chukua orodha hiyo uilinganishe na picha ya dada yule. Nafsi ya kwanza ipo, kwani aliyejipiga picha ndiye anayeibandika. Maleba ndilo rinda lile. Chuku haikosekani, kwa kuwa kamera za siku hizi zina vichujio vya kulainisha ngozi na kupanua macho. Tukio pia lipo, na pengine ni siku ya kuzaliwa. Hata sifa ile tunayoipenda sana ya fasihi simulizi, kwamba utendaji ukiisha umekwisha, inapatikana, kwa sababu tangu WhatsApp ilipoanzisha stetasi za picha mwaka wa 2017, kila moja hufutika baada ya saa 24. Kinachokosekana ni lugha ya kishairi, na kwamba dada si mwanamume. Ukitahini kwa orodha peke yake, mwanafunzi yule anakaribia kupata alama zote. Ina maana kwamba orodha yetu imeeleza mavazi ya majigambo, haikueleza mwili wake.

Kuhusu jambo la wanaume, nisilipitie kimyakimya. Ni kweli kwamba tungo nyingi zilizokusanywa ni za wapiganaji na wafugaji, nao walikuwa wanaume. Lakini mwanamke wa pwani hakuwa bubu. Amejieleza kwa leso tangu karne ya kumi na tisa, na maandishi yaliyochapwa juu ya leso yalipozoeleka aliweza kupita mtaani akiwa amevaa jibu lake mwilini. Leso ina hila ambayo shujaa hana. Mlengwa akija juu, mvaaji anaweza kusema kwamba alipenda rangi tu. Wanafunzi wetu wanaijua hila hii vizuri mno, kwani wao hurushiana mafumbo kwenye stetasi, kisha wakiulizwa husema kwamba maneno yale yalikuwa ya jumla. Kwa hiyo mtahiniwa anayeandika kwamba kujinadi ni kwa wanaume pekee, na akaishia hapo, ameeleza historia ya ukusanyaji wa tanzu badala ya kueleza jamii.

Turejee kwenye mwili wa utanzu. Mfano uliochunguzwa kwa makini zaidi katika eneo letu ni ekyevugo cha Wahima wa Ankole nchini Uganda, ambacho H. F. Morris alikiandikia kitabu kilichotoka mwaka wa 1964. Mpiganaji au mfugaji husimama mkuki mkononi na kughani kwa kasi, mstari baada ya mstari, akijipa majina ya sifa. Kinachonivutia hapa ni kwamba katika tungo hizo fanani mara nyingi hutaja majina ya wenzake waliokuwa naye katika tukio lile. Nao, au ndugu zao, huwa wamo katika hadhira. Hebu fikiri jambo hilo linamfanya nini mtunzi. Anaweza kusema kwamba alinguruma hadi milima ikatetemeka, na hakuna atakayemshtaki, kwa kuwa kila mtu anajua milima haikutetemeka. Hawezi kusema kwamba alikuwapo kwenye vita ambavyo hakuvihudhuria. Chuku anaruhusiwa, uongo haruhusiwi, na anayelinda mpaka kati ya hayo mawili ni msikilizaji.

Hapo ndipo sentensi yangu ilipaswa kwenda. Chuku hujitangaza yenyewe. Ni tamathali inayofanya kazi pale tu ambapo msemaji na msikilizaji wote wanajua kipimo halisi, ili wafurahie pamoja jinsi kilivyopitwa. Ukimwambia mtu asiyekujua kwamba una ng'ombe elfu moja, naye akaamini, hukutumia chuku. Umemdanganya. Tunawafundisha wanafunzi kuitambua chuku kwa ukubwa wa maneno, ilhali ukubwa si kitu bila ya makubaliano. Kichujio cha kamera kinakusudiwa kisionekane, na ndiyo sababu sikubali kukiita chuku hata kama kimemfanya mtu apendeze kupita kiasi.

Ukitaka kuona jambo hili likitendeka leo, si katika kumbukumbu za wazee, fika panapopigwa nyatiti, ohangla au benga katika jamii ya Waluo. Muziki unachacha, watu wanacheza. Ghafla mtu anasogea mbele, anatoa noti na kumpa mwanamuziki, na muziki unakatika. Ndio wakati wake. Anajitaja, anataja kwao, analinganisha nafsi yake na mto, na mnyama, na mvua ya masika, anawataja rafiki zake na shemeji zake, na watu wanaitikia kwa kelele. Hiyo ndiyo pakruok. Akimaliza muziki unarudi, na haupiti muda mrefu kabla ya mwingine kuja na noti yake kumjibu au kumshinda. Mara nyingine humsifu mwenzake badala ya kujisifu, akijua kwamba mwenzake atalipa deni hilo kwa kumsifu yeye.

Nimeeleza kwa kirefu kwa sababu pakruok inavuruga majibu mepesi. Yule anayetoa noti pengine aliikopa. Anajinunulia nafasi ya kusikika, sawasawa na anayelipia tangazo. Maneno yake yameteuliwa. Hataji karo anayodaiwa. Basi hatuwezi kusema kwamba majigambo ya jadi yalikuwa ya kweli na ya mitandao ni ya bandia, ingawa ndivyo insha nyingi za wanafunzi zinavyosema, na ndivyo baadhi yetu tunavyowafundisha waseme. Uteuzi upo kote. Kila anayejinadi huchagua la kuonyesha na la kuficha. Tofauti iko katika aliyesimama mbele yake. Mwenye pakruok anasema mbele ya watu wanaoweza kucheka, kumjibu kabla jasho lake halijakauka, au kumkumbusha kesho yake sokoni. Sifa zake zinafika mahali ambapo kuna mizani.

Kwa pwani, kila mmoja wetu atataja Fumo Liyongo. Tungo za kujisifu zinanasibishwa naye, na mtunzi wa baadaye, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, anatajwa kuwa ndiye aliyezichukua beti za shujaa huyo na kuzitia takhmisa, yaani kuongezea kila fungu la mishororo miwili mishororo mingine mitatu. Ni jambo la kuwaambia wanafunzi, kwa kuwa linaonyesha majigambo yakitoka kinywani mwa shujaa na kuingia katika kalamu ya msomi ambaye hakuwa yeye aliyepigana. Ila tunapomfundisha Liyongo tunaharakia sindano ya shaba na usaliti wa mwana, na tunapita haraka kwenye tukio linalofuata, ambalo kwangu ndilo la ajabu zaidi katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913. Liyongo akiwa amechomwa kitovuni anatoka na silaha zake, anapiga goti karibu na kisima, anapachika mshale kwenye upinde, na katika hali hiyo roho inamtoka. Mwili haukuanguka. Watu wa mji wakabaki bila maji kwa siku kadhaa, maana kila aliyekaribia alimwona shujaa amelenga. Ilibidi mamake aletwe ili ambembeleze mwanawe kwa maneno, naye kwa muda hakujua kwamba anambembeleza maiti.

Mtu amekwisha, umbo lake limebaki limejiweka vile alivyotaka kuonekana, na mji mzima unaendesha maisha yake kwa kuliheshimu umbo hilo. Sijui tungo nyingine ya Kiswahili inayokaribia zaidi yale tunayoyaona kwenye simu. Ukurasa wa mtu huendelea kutabasamu wakati mwenyewe yu mgonjwa, amefutwa kazi, au amezikwa. Lakini angalia pia kwamba hata hapo kisimani ilihitajika hadhira iliyo karibu, mama anayemjua, ndipo ukweli ukabainika. Waliokaa mbali na kutazama waliendelea kuogopa.

Sayyid Abdalla huyohuyo ndiye mtunzi wa Al-Inkishafi, na sidhani ni sadfa kwamba kalamu iliyoongeza beti kwenye sifa za Liyongo ndiyo iliyoandika juu ya magofu ya Pate. Katika utenzi huo anaipeleka nafsi yake mwenyewe kuzitazama nyumba za matajiri. Anaonyesha zile zidaka za ukutani, zilizokuwa zimepangwa sahani na vyombo vya Kichina, sasa zimekuwa viota vya makinda ya ndege. Walimu wengi huisoma sehemu hii kama mawaidha juu ya dunia hadaa, na si makosa. Ningependa, hata hivyo, tuitazame pia kama maelezo ya nyumba. Ukienda Lamu leo utaona kwamba ukuta wa nje wa nyumba ya kale ya mawe ni mtupu. Mlango umechongwa, baraza lipo la kukaribisha wageni, basi. Zile zidaka, ambazo ndizo maonyesho yenyewe ya fahari, hazikutazama barabara. Zilikuwa katika chumba cha ndani kabisa. Mgeni alipita barazani, akapita dakani, na kadiri alivyokubaliwa ndivyo alivyozidi kuiona mali.

Mwanasosholojia Erving Goffman aliandika mwaka wa 1956 kitabu kuhusu namna watu wanavyojiwasilisha mbele ya wenzao, akatumia sitiari ya jukwaa. Mbele ya hadhira mtu anaigiza, na nyuma ya pazia anapumzika. Waandishi wanaochambua mitandao wamemtegemea sana. Ni sitiari nzuri, lakini nyumba ya Lamu inaikosoa. Kwa Goffman maonyesho yako mbele na ukweli uko nyuma. Kwa Waswahili wa nyumba zile maonyesho makubwa yalikuwa nyuma, kwa walio karibu, na mbele palikuwa na ukuta mweupe. Fahari ilionyeshwa kwa mtu ambaye angeweza kujua kama sahani ni yako. Mtandao umegeuza nyumba ndani nje. Zidaka zimehamishiwa barabarani, na wapita njia wasiotujua ndio wanaozihesabu sahani.

Na kuhesabu huko si istiari. Facebook ilipoweka kitufe cha kupendezwa mwaka wa 2009, mwitikio wa hadhira uligeuka ukawa tarakimu. Kelele za ngomani hazina tarakimu, kwani huwezi kusema ulipata vifijo 143 ilhali mwenzako alipata 212. Wenye mitandao wenyewe wameliona tatizo, na mwaka wa 2021 Instagram iliwapa watumiaji uwezo wa kuzificha hesabu hizo. Msichana wa Kidato cha Tatu anayefuta picha yake kwa sababu haikufikisha idadi aliyoitaka hajalinganishwa na mtu yeyote aliyemjibu. Amehukumiwa na namba. Mwalimu wa zamu anayemkuta akilia bwenini baada ya likizo ana haki ya kuliona jambo hili kuwa zito kuliko alama za mtihani.

Katika riwaya, kielelezo kilicho wazi ni Mwalimu Majisifu katika Kidagaa Kimemwozea ya marehemu Ken Walibora, iliyotahiniwa hadi mwaka wa 2017. Tulizoea kufundisha kwamba jina lake ni la kimajazi, tukaishia hapo. Lakini mtazame kama fanani wa majigambo. Sifa yake kubwa ni kitabu, na mswada wa kitabu hicho aliuiba kwa Amani. Watoto wake wenye ulemavu anawaonea haya. Uteuzi wake una pande zote mbili: anaonyesha kisicho chake na kuficha kilicho chake. Sifa zake zinadumu kwa muda wote ambao hadhira haina mtu aliyekuwapo. Mara tu aliyekuwapo anapokuwa karibu, tungo nzima inamporomokea. Walibora hakuhitaji simu wala mtandao ili kulionyesha hilo.

Sasa nirudi kwenye karatasi ile. Nilikuwa nimehifadhi nakala zake chache kwa ajili ya kufundishia, nikaisoma tena. Jambo la kwanza nililolipuuza ni kwamba stetasi ya WhatsApp, tofauti na picha iliyowekwa wazi kwa ulimwengu, kwa kawaida huonwa na wale ambao namba zao zimo katika simu ya mwenyewe, na yeye huona orodha ya majina ya walioitazama. Ile hadhira ya watu mia mbili basi haikuwa umati wa wapita njia. Walikuwa shangazi, majirani, waliosoma naye, na fundi wa cherehani. Wengi wao walijua kwamba gari si lake. Kama walijua, na yeye alijua kwamba wanajua, basi kuegemea gari lile ni chuku halali, na hoja yangu yote kuhusu kipimo cha pamoja inamtetea mwanafunzi badala ya kunitetea mimi.

Kwako wewe mtahiniwa, usinielewe vibaya. Mtahini anafuata mwongozo, na ukiandika mfano wa mitandao bila ya kuufafanua utapoteza alama kama alivyozipoteza mwenzako. Ukitaka kuutumia, utaje hadhira ni nani, useme inamjuaje fanani, uonyeshe inaitikiaje, na ukiri kwamba lugha ya kishairi haipo isipokuwa pale mwenye picha alipoandika maneno ya kujisifu chini yake. Na tafadhali usifunge jibu lako kwa kusema kwamba mitandao imepotosha vijana. Hilo halikuulizwa, na kila mtahini amelisoma mara elfu.

Jambo la pili lilikuwa katika mstari wa mwisho wa jibu, ambao mkwaju wangu mwekundu ulikuwa umeufunika. Mwanafunzi aliandika kwamba aliyempiga dada yake picha ile ni mwenye gari mwenyewe, jirani yao, na kwamba ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu: alimwambia apunguze maringo, tairi la nyuma halina upepo. Dada akajibu kwamba gari la malkia haliendi kwa upepo. Majirani wengine wakaingia, kila mmoja na lake.

Nafsi ya kwanza, jina la sifa, chuku inayojulikana na wote, shahidi aliyekuwapo, na majibizano. Alama tatu kati ya nne. Ile moja nimeizuia kwa sababu hakuitaja jamii yake, na swali lilimtaka aitaje.